Usinunue Namba ya Kwenye Boksi: Hotuba Yangu Kuhusu Bunduki za Upepo

(Walionikosa Jumamosi pale ukumbini mjini Reading, Uingereza, wameniandikia sana, basi nimekaa nimesikiliza rekodi ya simu nikaandika yote kama nilivyosema. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana sana, na mwanga wenyewe ulikuwa unasumbua.)

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, habari za toka asubuhi. Na nyie vijana mliokaa nyuma karibu na sambusa, nawaona, msogee mbele kidogo.

Naanza na swali. Nani humu ndani ameshawahi kushika bunduki ya upepo? Mmoja, wawili... saba. Haya. Na nani alishika akiwa mtoto, nyumbani? Eeh, mikono ileile. Nilijua.

Mimi nimekulia Tanga. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa na bunduki ya upepo imechakaa, kitako kimefungwa kwa waya, na kazi yake ilikuwa moja tu, kunguru. Mnajua kunguru wa pwani, wale weusi wenye shingo ya kijivu, wanaiba samaki mpaka kwenye sahani. Sasa sisi watoto tulikuwa tunakaa ukutani tunamwangalia mzee akilenga, na kitu kilichokuwa kinatuchanganya ni kwamba alikuwa hamlengi kunguru. Analenga kushoto, kama mkono mzima pembeni, kwenye jani tupu, anafyatua, na kunguru anaanguka. Siku moja nikamuuliza, babu mbona unalenga jani? Akanijibu, hii bunduki inakwenda kulia, lakini inakwenda kulia kila siku.

Lakini inakwenda kulia kila siku. Nilikuwa na miaka tisa sikuelewa kitu. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima hapa Uingereza, nimeshapoteza hela zangu kwenye bunduki mbili za hovyo, na ndo sababu nimesimama hapa leo, kwa sababu tangu nijiunge na klabu ya kulenga shabaha kila wiki napigiwa simu, kaka nataka ninunue, kaka hii inasema kasi elfu moja, kaka ipi kali?

Ipi kali. Kila mtu ananiuliza ipi kali. Hakuna anayeniuliza ipi inarudia.

Kabla sijaenda mbali, kuna watu humu wanadhani tunaongelea midoli. Hebu nisikilizeni. Mwaka 1780 hivi jeshi la Austria liliwapa askari bunduki ya upepo iliyotengenezwa na Girardoni, risasi ishirini na kitu zimepangwa kwenye bomba pembeni ya mtutu, hakuna moshi, hakuna baruti, na chupa ya hewa ndo kitako chenyewe. Kuijaza hiyo chupa kwa pampu ya mkono ilitaka kupampu kama mara 1,500, hebu fikiria huyo askari mabega yake. Wale wasafiri wavumbuzi wa Marekani, Lewis na Clark, walipovuka nchi yao kuanzia 1804 walikuwa na bunduki ya upepo, na kila wakikutana na wenyeji waliitoa wakaipiga ili watu waione. Kwa hiyo sio midoli. Ya leo ya kawaida ni dhaifu kuliko ile, lakini inatoa jicho, na imeshaua watu. Tukishaelewana hapo tuendelee.

Sasa tuje kwenye boksi.

Ukiingia dukani, kitu cha kwanza kukupigia kelele ni kasi. Imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la bunduki. Futi 1,000 kwa sekunde! Na pembeni yake ipo bunduki ya Kijerumani, boksi la kahawia halina hata picha, ukisoma vile vimaandishi vidogo unakuta 780. Kijana wetu mmoja, yupo humu simtaji jina anajijua, alisimama mbele ya hizo mbili akachukua ya elfu moja na akanipigia simu kwa furaha kwamba amepata kali zaidi kwa nusu ya bei.

Nikamuuliza swali moja. Elfu moja kwa risasi ya uzito gani?

Kimya.

Ndugu zangu, hesabu ni hii. Nguvu ya risasi ni nusu ya uzito wake, mara kasi, mara kasi tena. Kiwanda kinachotaka namba kubwa kinachofanya ni kuchukua risasi nyepesi kabisa, ya bati bati hivi sio ya yale madini ya risasi, gramu 0.34, kinaipima hiyo, inatoka futi 1,000 kwa sekunde, sawa na mita 305. Yule Mjerumani anapima kwa risasi ambayo watu wanaitumia kweli, gramu 0.55, inatoka na 780, mita 238. Piga hesabu zote mbili kwenye simu yako sasa hivi, uzito uweke kwa kilo, kasi kwa mita. Ya kwanza inakuja karibu juli 16, juli ndo kipimo cha hiyo nguvu. Ya pili juli 15 na nusu. Ni kitu kilekile! Kilekile! Tofauti ni kwamba ile nyepesi inachoka njiani kama mpira wa plastiki, ukiupiga unatoka mbio alafu hewa inaukamata, wakati nzito inaendelea na safari.

Na huko Marekani ndo usiseme, kule boksi linaandika 1,200 na zaidi. Sauti inasafiri futi 1,100 na kitu kwa sekunde, na risasi za bunduki ya upepo zina umbo la kiuno kilichobanwa na sketi nyuma, hazikutengenezwa kwa ajili ya kupita kasi ya sauti, zikifika pale zinayumba. Yani umelipia kasi ili ukose shabaha, na juu yake inalia paa! jirani anachungulia dirishani.

Sasa nawauliza, bunduki gani ya upepo inalenga kuliko zote duniani? Ni zile za Olimpiki, mita 10. Mchezo uliingia Olimpiki mwaka 1984, Kenya nao wamepeleka mtu, dada yetu Priscilla Mburu alishindana Rio 2016. Alama ya kumi, ile ya katikati kwenye shabaha, ni kidoti cha nusu milimita. Nusu milimita! Ncha ya kalamu. Bunduki zenyewe unalipa zaidi ya paundi 2,000, Walther, Feinwerkbau, Anschütz, na mnajua zinapiga kwa kasi gani? Mita 175 hivi kwa sekunde. Futi mia tano sabini na kitu. Ile ya boksi la kelele ina karibu mara mbili ya hiyo.

(Hapa watu walicheka, na yule kijana alicheka pia, ni mtu muungwana.)

Kwa hiyo mtu akikuuzia kasi, muulize nguvu. Nguvu ndo namba ya kisheria pia. Hapa England na Wales mstari ni futi-paundi 12, sawa na juli 16.27, kwa bunduki, na 6 kwa bastola. Ukivuka, hata kwa nukta, bunduki inataka cheti cha polisi, na bastola ni silaha iliyopigwa marufuku, na kama huna cheti wewe ni mhalifu, na hapa wengi wetu tunajua karatasi zetu za uhamiaji zinavyosomwa, sihitaji kuendelea. Ujerumani mstari ni juli 7.5, ndo maana utakuta bunduki ya aina moja, jina moja, Mjerumani anauziwa dhaifu yenye alama ya F ndani ya pembe tano na wewe hapa unauziwa ya kawaida. Usisome ukurasa wa nchi nyingine ukadhani ndo bunduki yako.

Na hapa kuna mtego. Mzee mmoja wa klabuni alinunua ya mtumba, ya hewa ya kujaza, aina zake nitazieleza mbele kidogo, muuzaji akamwambia imepimwa iko futi-paundi 11 na nusu. Kweli ilipimwa, kwa risasi nyepesi. Tulipoipitisha kwenye kronografu, kile kidude cha kupima kasi, kwa risasi nzito ikaruka mpaka 12 na pointi. Zile za hewa ya kujaza mara nyingi ukiweka risasi nzito nguvu inapanda, za springi mara nyingi inashuka. Alirudi nayo kwa fundi siku ileile uso umemshuka. Kwa hiyo pima, na pima kwa risasi zaidi ya aina moja.

Haya, jambo langu la pili, nini kinaisukuma hiyo risasi? Hapa ndo bunduki zinapotofautiana kama baiskeli na gari.

Ya springi, unaukunja mtutu chini au unavuta mkono wa chini, springi nene inajikunja ndani, ukifyatua springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, hewa inaitoa risasi. Haitaki kitu kingine. Haina chupa, haina gesi, haina duka. Itunze vizuri mjukuu wako ataitumia. Lakini mle ndani kuna chuma kizito kinakwenda mbele kwa nguvu na kugonga mwisho, na kinarudi, na mengi ya hayo yanatokea risasi ikiwa bado iko ndani ya mtutu. Inapiga teke mbele na nyuma. Teke hilo ndo linaua darubini za bei rahisi, kwa hiyo ukinunua darubini uliza imetengenezwa kwa ajili ya springi, usisikie "hii ni ya bunduki kubwa kwa hiyo itahimili", teke la bunduki kubwa linakuja upande mmoja.

Mimi ya kwanza nilikuwa naishika kama jembe. Nimeikaba, bega limekaza, meno yamekaza, najiona mwanaume. Risasi kumi, matundu kumi, kila moja na mtaa wake. Nikasema bunduki mbovu, nikauza, nikanunua nyingine, mambo yaleyale. Ndipo mzee mmoja Mwingereza pale klabuni akaja akanigusa mkono, akaniambia legeza, iache ilale kwenye kiganja, iache iruke inavyotaka, kazi yako ni kuhakikisha inaruka vilevile kila mara. Ishike kama umeshika kifaranga. Hakusema kifaranga bwana, hilo nimeongeza mimi, lakini ndo maana yake. Risasi kumi zilizofuata ungeweza kuzifunika kwa sarafu.

Na mnakumbuka babu wa Tanga? Kulia kila siku. Bunduki inayokosea vilevile kila siku unairekebisha kwa kuzungusha skrubu ya darubini. Inayokosea kila mara kivyake, hiyo huna dawa yake.

Alafu kuna za hewa ya kujaza, PCP wanaziita. Ndani kuna chupa unaijaza mpaka presha ya baa 200 hivi, tairi la gari lako halifiki hata baa 3, kwa hiyo muelewe tunaongelea nini. Haina teke la kusema, mtoto wa kike wa miaka kumi na sita anaipiga siku ya kwanza na anamshinda baba yake, nimeiona kwa macho yangu na baba mwenyewe yuko humu anatikisa kichwa. Lakini bei uliyoiona dukani sio bei. Utanunua pampu au mtungi kama wa wazamiaji, mtungi una tarehe za kupimwa, na kuna mihuri ya mpira itavuja siku moja usiku ukiwa umelala. Na tafadhali, tafadhali sana, mtu asijaze hewa ya oksijeni ya hospitali kwa sababu eti amepata mtungi wa bure. Oksijeni kali ikikutana na grisi inalipuka. Hewa ya kawaida tu, kavu, safi.

Kwenye hizi kuna namba nyingine ya kwenye boksi, risasi ngapi kwa mjazo mmoja. Wanaandika 80, wanaandika 100. Uliza swali lilelile la babu, ngapi kati ya hizo zinatoka sawasawa? Kwa sababu bunduki isiyokuwa na regyuleta, ile ya kusawazisha presha, ukiijaza sana inaanza kivivu, inapanda, inakaa vizuri katikati, alafu inashuka. Hizo za katikati ndo zako. Zilizobaki ni za boksi.

Za gesi ya kabonidioksidi zile za vichupa vidogo nazipita haraka, ni nzuri kujifunzia ndani ya nyumba, ila hapa kwetu Januari baridi inaziua nguvu, hiyo gesi inategemea joto.

Kaliba, yani unene wa risasi. Hapa watu wanagombana mpaka wananuniana na mimi sitaki ugomvi na sambusa hazijaisha. Kuna 4.5 milimita, inaitwa 177, na kuna 5.5, inaitwa 22. Nguvu ya sheria ni ileile kwa zote mbili, kwa hiyo ndogo inakwenda mbio na njia yake imenyooka, kubwa ina uzito karibu mara mbili, gramu 1 hivi, inatoka futi 570 tu na njia yake ina mgongo kama daraja. Ukikosea umbali mita tano kwa ndogo huenda ukapona, kwa kubwa umepita chini ya shabaha. Kama unataka mashindano, yale ya uwanjani ya kupiga vibati mpaka yadi 45 au 55, chukua ndogo. Nimemaliza. Mwenye ugomvi tukutane nje.

Ah, na mtutu mrefu! Nilisahau. Watu wanapenda mtutu mrefu kama wa sinema. Kwenye springi risasi inamaliza kuchukua kasi mapema sana, mtutu uliobaki ni wa kubeba tu.

Sasa hili la tatu ndo halipo kwenye boksi kabisa, na kwangu ndo kubwa. Inakutosha?

Mke wangu alitaka kujaribu mwaka jana. Nikampa yangu, ya Weihrauch, HW97, bunduki nzuri sana, triga yake unairekebisha mpaka inakatika kama ukucha mkavu. Akapiga risasi tano akaiweka chini akasema mkono unauma na sioni kitu. Mimi na ujuzi wangu nikaanza kumfundisha kupumua! Kupumua! Tatizo ni kwamba ile kitu bila darubini ina kilo 4 hivi, ukifunga darubini inasogea kwenye 4 na nusu, na kitako kimekatwa kwa mwanaume mrefu kunizidi, jicho lake halifiki kwenye darubini mpaka anyooshe shingo kama twiga. Tukaenda kuazima ya Air Arms S200, nyepesi, haifiki kilo 3. Siku hiyohiyo alinipiga goli. Sizungumzi zaidi ya hapo kwa sababu yuko jikoni anasikia.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujauliza chochote, funga macho, iweke begani, iegemeze shavu, alafu fungua macho. Jicho liko katikati ya darubini? Au unaitafuta? Ukiwa unaitafuta, rudisha, hata kama ni nusu bei. Ibebe dakika tano nzima mbele ya muuzaji, akikuangalia vibaya shauri yake. Ivute triga, kwa ruhusa yake, sio kavu hivihivi maana springi ukiifyatua bila risasi pistoni inagonga chuma. Unaisikia inakatika sehemu ileile kila mara, au inakokota kama mlango wa stoo?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mawili.

(Mama mmoja aliuliza kuhusu watoto.) Ahsante mama. Kununua ni miaka 18, na duka lazima likukabidhi mkononi, halituletei kwa posta mlangoni. Chini ya 14 anapiga akisimamiwa na mtu wa miaka 21 au zaidi. Ukiiacha nyumbani bila kuifungia na mtoto akaichukua, kosa ni lako. Kupiga bustanini inaruhusiwa, ila risasi isivuke uzio, ikivuka tu bila ruhusa ya jirani umevunja sheria, na bustani zetu mama unazijua, ni kama mkeka. Njiani iwe kwenye begi lake, haina risasi, na uwe na sababu ya kuwa nayo. Usiitoe barabarani kuwaonyesha rafiki zako, kwa mbali hakuna polisi anayeweza kujua kama ni ya upepo, na watakaokuja watakuwa na za kweli. Ukihamia Scotland unahitaji cheti hata kwa hii ya kawaida, tangu mwisho wa 2016, na Northern Ireland wao ni cheti kwa karibu kila kitu. Na mkitaka kupeleka nyumbani, Dar au Mombasa, msifungashe kwenye pipa la nguo mkajifanya hamjui. Nenda polisi wa kule kwanza, upate jibu la maandishi.

(Kijana mmoja aliuliza aanze na ipi.) Mdogo wangu, usianze na kununua. Njoo klabuni Jumapili, vaa buti kuna matope, utashika sita au saba za watu kwa siku moja, wale wazee wanapenda sana mtu akiuliza. Leta karatasi. Piga tano kwa kila moja, andika jina la bunduki pembeni ya matundu, risasi ileile, umbali uleule. Ukifika nyumbani zipange mezani uziangalie. Usiangalie lililo katikati, angalia yaliyokaribiana. Na unawe mikono kabla ya kula, zile risasi ni madini ya sumu, nimeona watu wanaziweka mdomoni kama karanga.

Haya, sambusa. Ile ya springi ipo hapa kwenye meza imefunguliwa, haina risasi, anayetaka kupima bega lake aje, kwa foleni, wazee kwanza.